Shilingi Tano za Kutafuta Stesheni

Karatu, siku moja kabla ya mnada, saa nane mchana

Elisante mwanangu,

Sina haja ya kukuuliza hali. Nimekuona asubuhi ukila viazi sahani mbili, na mtu wa sahani mbili ni mzima. Umekwenda Mbulumbulu kumuaga bibi yako, nami namjua mama mkwe wangu, hatakuachia kabla hajakufungia maharage ya kulisha kambi ya jeshi. Kwa hiyo nina nafasi mpaka jioni. Nimefunga nusu ya mlango wa duka, nimekaa kwenye kiti cha baba yako, na barua hii utaikuta juu ya sanduku lako ukirudi. Isome leo leo, usiende kuisomea Arusha. Ukifika mwisho utaona kwa nini.

Habari za kufua soksi, za kwenda kanisani na za kutomkopesha rafiki wa siku mbili nimekwisha kuzisema miaka ishirini. Kama hazikuingia kwa mdomo, hazitaingia kwa kalamu. Mimi nataka kukujibu swali lako la Jumapili.

Tulikuwa tunakula. Ulinisomea ile barua ya tajiri wako mpya, kwamba atakuwekea meza mlangoni mwa duka lake la redio kaseti, na kila mteja akishanunua atapita kwako umtilie betri, umtafutie stesheni, umwonyeshe kitufe cha kurekodia, na kwa kazi hiyo alipe pesa nyingine ya pembeni. Ukacheka, ukaniuliza, "Mama, hivi ni haki kumtoza mtu kwa kitu cha dakika mbili?" Nikakwambia, "Kula ugali wako, unapoa." Ukala ukidhani nimekukasirikia. Hasira ninayo, Elisante, ila si yako.

Meza hiyo utakayoikalia nimewahi kuikalia mimi.

Baba yako alikuwa fundi kabla hajawa mwenye duka. Redio haikupita kwenye mlango huu ikiwa bubu. Aliitoa kwenye boksi mbele ya macho ya mteja, akatia betri, akavuta eriali, akasogeza swichi kwenye masafa mafupi, kisha akazungusha kitufe pole pole, kichwa kainamisha, mpaka sauti ya Dar es Salaam ikatoka. Hapo alichukua kichupa cha rangi ya kucha, akaweka nukta nyekundu juu ya kioo, pale pale mshale uliposimama. "Watoto wakichezea," alimwambia mteja, "rudisha mshale kwenye nyekundu." Siku aliponunua kichupa kile cha kwanza, majirani walinijia mbio kuniambia nimtazame mume wangu, ana mwanamke wa kupaka kucha. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kwa kazi hiyo hakumtoza mtu senti. Nilipomgombeza alisema, "Redio isiyosema ni sanduku, Mama Elisante, na mimi siuzi masanduku." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kila mara, na kila mara liliniudhi, maana yeye alikuwa na maneno mazuri na mimi nilikuwa na watu wa kulisha.

Alipofariki ulikuwa darasa la tatu. Nikabaki na duka, na wewe, na kichupa cha rangi ya kucha.

Sikuwa fundi, lakini kutia betri na kutafuta stesheni nilikuwa nimeona kwake mara elfu. Basi walikuja. Waliokuwa wamenunua kwangu walikuja, na waliokuwa wamenunua Arusha walikuja vilevile. Mzee mmoja wa Mbulumbulu alikuwa akinijia kila wiki, anaweka redio mezani na kusema, "Mama, imenuna tena." Wajukuu zake walikuwa wanazungusha kitufe, naye nukta nyekundu alikuwa ameikwangua kwa kisu akidhani ni uchafu. Mwingine wa Buger alitaka nifunge duka nimfuate hadi kwake, kwa sababu eti redio yangu ikifika nyumbani kwake inaona haya. Mimi napima sukari, napima mafuta ya taa, na watu watatu wamesimama na redio mikononi wanasubiri bure. Wakishapata sauti wanaondoka, hata kiberiti hawanunui.

Kisha ikaja ile miaka baada ya vita ya Uganda. Unaikumbuka, ingawa nilijitahidi usiione. Sabuni ya mgao, sukari ya mgao, betri zikifika hazikai hata siku mbili. Rafu zangu zilibaki na chumvi na nyembe. Jioni moja nilikata boksi la kandambili, nikaandika kwa mkaa: KUTIA BETRI NA KUTAFUTA STESHENI SHILINGI TANO. Nikaning'iniza juu ya meza.

Sitakudanganya kwamba lilikuwa kosa tangu mwanzo. Kazi ni kazi, na dakika mbili za mtu mmoja si kitu, lakini dakika mbili za watu thelathini ni siku yangu nzima. Viatu ulivyokwendea darasa la tano vilitoka kwenye boksi lile. Wewe unayeniuliza kama ni haki, miguu yako ilijibu zamani.

Kosa langu lilikuwa mahali pengine, na nililijua, ndiyo maana linaniuma. Mchungaji alipoleta redio yake, nilimtafutia bure. Madereva wa magari ya watalii niliwatafutia bure, kwa kuwa waliniletea Wazungu wa kununua soda. Karani wa kata bure, kwa sababu ya mgao. Waliolipa tano walikuwa wale wasioweza kunifanya lolote.

Sasa nikwambie habari za Mzee Moinget.

Unamjua kwa sura, yule Mmasai mrefu wa Nainokanoka, huko juu Ngorongoro, mwenye kovu kwenye paji la uso. Utotoni ulimsikia akiniita kwa jina la kwao, lakini hujui alikuwa nani kwangu. Nilipokuzaa nilikuwa mgeni hapa. Mama yangu alikuwa Kilimanjaro na barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Bibi yako wa Mbulumbulu, Mungu amsamehe, alikuwa bado amenuna kwamba mwanawe ameoa Mchaga wakati mabinti wa Kiiraqw wamejaa. Nililala ndani siku tatu bila mtu wa kunipikia ila baba yako, na baba yako alijua kupika chai. Mzee Moinget alikuwa mteja tu, ananunua ugoro na shanga za mkewe Nasieku. Alisikia mtoto analia nyuma ya duka, akauliza, akaondoka. Baada ya siku mbili alirudi akivuta kondoo dume mwenye mkia mnene wa mafuta. Alikuwa ametembea naye kutoka Nainokanoka.

"Mama aliyezaa anakunywa mafuta," alisema. "Chinja."

Nasieku alikuja naye. Ndiye aliyeyayeyusha mafuta yale, ndiye aliyenishika kichwa nikayanywa, na nilipotaka kutapika alinifinya sikio. Maziwa yako yalitoka siku ile. Wanasema undugu ni kufaana, si kufanana. Mimi neno hilo sikulisikia kwa mtu, nililinywa kwenye kibuyu.

Toka hapo Mzee Moinget hakuniita tena mama duka. Aliniita Paker, nami nikamwita Paker. Alinieleza kwamba kwao, aliyetoa kondoo na aliyepewa huitana hivyo mpaka kufa, na jina la kuzaliwa haliulizwi tena. Miaka kumi na mitatu aliingia dukani kwangu akiita "Paker!" tangu barazani, na wateja wote waligeuka kutazama ni nani huyo anayependwa hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa ya mnada, kama kesho. Wewe ulikuwa shuleni, darasa la sita. Duka limejaa. Wanaume watatu wa Mbulumbulu walikuwa wametoka kulipa tano tano zao na wanasubiri zamu, wananung'unika. Paker akaingia, hakuita. Nilitakiwa nishtuke hapo.

Akasema anataka redio, ile ndogo, na betri nne. Nikashangaa, maana hakuwahi kutaka redio, alikuwa akisema ni mtu anayeongea bila kusikiliza. Huku natoa boksi, akaniambia, "Paker, Nasieku amechukuliwa na gari. Yuko hospitali, Arusha. Mimi nina ng'ombe wagonjwa, siwezi kukaa kule. Wamesema wakinitaka wataniita kwenye redio."

Nilimsikia. Usije ukadhani sikusikia. Nilimsikia kama mwenye duka anavyosikia akiwa anahesabu chenji, nikasema "pole, pole sana," nikampa redio ndani ya boksi na betri juu yake.

Akaisukuma kunirudishia. "Ifanye iseme," akasema.

Na wale watatu wakanitazama. Mmoja akatazama boksi langu la mkaa, kisha akanitazama tena. Nilijua nikimfanyia bure, watataka tano zao. Nilimwogopa mtu wa Mbulumbulu ambaye hata jina lake sikulijua.

"Shilingi tano, Mzee," nikasema.

Sikusema Paker. Nilisema Mzee.

"Hata mimi?"

"Bei ni moja."

Hakuwa nazo. Alikuwa ameuza mbuzi asubuhi ile, na pesa iliyobaki ilikuwa imehesabika. Angeweza kusema nikopeshe, lakini Paker haombi kwa Paker, na mimi nilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Alichukua boksi lake taratibu. Akasema, "Basi. Macho ninayo, nitajifunza." Nikawageukia wale watatu, nikawawekea nukta nyekundu mmoja mmoja, vizuri kabisa.

Nilisema moyoni atarudi kesho, au nitamtafutia mnada ujao. Mnada ujao! Kana kwamba mgonjwa anasubiri mnada.

Jumatatu saa saba mchana, baada ya taarifa ya habari, nilikuwa napima sukari. Redio ya duka ilikuwa juu ya rafu. Yakaja matangazo. Bwana Moinget wa Nainokanoka, Ngorongoro, anaombwa afike hospitali Arusha upesi, hali ya mkewe si nzuri. Unajua nilifanya nini? Niliinua kichwa, nikamwambia mteja, "Umeona faida ya redio? Huyo nimemuuzia mimi wiki iliyopita." Nilijisifu, Elisante. Nilimpimia mtu sukari huku najisifu.

Jumanne wakatangaza tena. Nikadhani wanarudia tu, ndiyo kawaida yao. Alhamisi wakatangaza kifo. Nilimlilia Nasieku, nililia kweli, nikafunga duka mapema. Na katika kulia kwangu nilijiliwaza kwamba angalau mumewe alikuwa kando yake.

Yaliyotokea kule juu niliambiwa na bwana mifugo. Redio ilikuwa inavuma tu. Betri alizitia sawa, mikono yake si mijinga, lakini swichi ilikuwa imekaa kwenye masafa yasiyoshika chochote kwenye milima ile, na hakukuwa na nukta ya kumwonyesha mshale usimame wapi. Kila jioni aliiwasha. Watu wa boma walikaa wakaizunguka, wakasikiliza ule mvumo mpaka ukawachosha. Naye aliwaambia, "Wamenyamaza. Kama wamenyamaza, mgonjwa hajambo." Alizima ili asimalize betri, akalala na amani yake. Siku ya nane bwana mifugo alifika kuchanja ng'ombe, akashuka kwenye gari na kumpa mkono. "Mzee, pole kwa msiba." Akauliza, "Msiba gani?"

Alipofika Arusha walikuwa wamemsubiri, na walipoona hatokei mtu, wakamzika Nasieku. Alionyeshwa mahali.

Aliporudi alishuka hapa Karatu. Nilimwona tangu barabarani, nikatoka nje na mikono nimeifungua kwa pole. Alinipita kama mtu anavyopita nguzo. Akaweka redio juu ya meza, na juu ya redio akaweka sarafu ya shilingi tano.

"Tafuta sasa," akasema, "mama duka."

Nilisogeza swichi. Ndogo ile, Elisante, unaisukuma kwa ukucha. Nikazungusha kitufe, sauti ikatoka, mtu anasoma bei za mazao. Haikufika hata dakika mbili. Nikaweka nukta nyekundu, na safari hii rangi ikamwagika kwenye kioo. Nikairudisha ile sarafu kwake. Nilitaka kusema neno, na neno pekee lililokuja ni "Paker, chukua."

Hakuigusa. "Bei ni moja," akasema. Akaondoka na redio inaongea.

Nilichana boksi langu siku hiyo hiyo. Tangu hapo miaka saba natia betri bure na kutafuta stesheni bure, kwa aliyenunua na asiyenunua, na mji mzima unasema mama Elisante ana roho nzuri. Mimi nawasikia na kutamani kuwarushia mawe. Roho nzuri inayokuja baada ya mazishi ina faida gani? Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ameshaota ndevu, na anaishi nami humu humu dukani.

Sasa swali lako. Baba yako angekujibu kwamba si haki, na angekufa maskini akiwa amesema kweli. Mimi siwezi kukuambia usitoze. Bei ataandika tajiri wako, na wewe ni mtu wa kuajiriwa, na jasho lina thamani yake hata likiwa tone moja. Mwenye nacho mtoze, akilalamika mcheke. Ila utakapomwona mtu amenyamaza, ameshika boksi lake kwa mikono miwili na haombi, usimwache avuke mlango ule na kitu kisichosema. Kiwashe kwanza. Pesa muulizane kikiwa kinaongea. Tajiri atakufokea, huenda atakukata mshahara, nawe utaona uchungu. Uchungu wa kufokewa unapona, mimi nimefokewa sana na sikumbuki hata mmoja.

Na usiniige kuwaogopa wanaopanga foleni. Wale watatu wa Mbulumbulu leo wangenikuta njiani wasingenijua.

Nimebakiwa na jambo moja, ndilo lililonifanya nikwambie usome leo. Kila mnada namwona Mzee Moinget. Amezeeka. Ile redio anatembea nayo begani, betri zake hununua duka la pili. Kila mnada namsalimu kwa Kimasai, "Paker, supai," na kila mnada ananiitikia kwa adabu, "Epa, mama duka," anauliza habari za watoto, anapita. Mnada uliopita nilimwambia unaondoka. Akasimama. Akauliza, "Yule wa kondoo?" Nikasema, "Yule yule." Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Basi lako linaondoka saa nne. Kabla hujapanda, shuka mnadani, upande wa mbuzi, utamkuta. Kondoo yule alivutwa kutoka Nainokanoka kwa ajili yako. Mimi nilikunywa tu kwa niaba yako, na kosa nililifanya mimi peke yangu, wewe ulikuwa shuleni. Msogelee, inamisha kichwa akuguse kama wanavyofanya kwa vijana wao, na umwite Paker.

Mimi sitakuja kukusindikiza, nitabaki dukani. Akikuitikia kwa jina hilo, niandikie ukifika. Asipoitikia, niandikie habari za kazi tu.

Mama yako